Jeannine Aisemea Kazi Yake

Asubuhi Jeannine alimsaidia baba yake, mzee Ladislas, kuchuma majani ya tumbaku. Mchana alisugua mikono kuondoa gundi ya tumbaku, akaenda kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa la Katumba. Humo mlikuwa na kompyuta. Paroko alikuwa amemwazima mpaka msimu utakapokwisha.

Jeannine alijifunza kompyuta Tabora, akarudi nyumbani mwaka 1997. Katika chumba kile alitengeneza programu. Programu ni maelekezo ambayo mtu huiandikia kompyuta ili ifanye kazi fulani. Programu ya Jeannine ilipokea uzito wa kila mtumba, yaani furushi la tumbaku, na daraja lake la ubora, ikapiga hesabu, ikamchapia mkulima risiti. Ilikuwa programu nzuri. Shida ni kwamba waliojua hivyo walikuwa Jeannine na kuta za chumba.

Mwaka huo chama cha wakulima kilitaka kutumia kompyuta sokoni. Waliojitokeza ni wawili: Jeannine, na Kasimu, kijana wa Mpanda mjini. Angechaguliwa mmoja. Jeannine akikosa, kompyuta ingerudi kwa paroko, naye angebaki na jembe. Wazo hilo lilimnyima raha hata ya kula.

Siku ya mkutano alifanya kama kwao wanavyofanya. Familia ikienda kuposa, kijana hafungui mdomo. Mzee mwenye maneno ndiye husema. Basi Jeannine akamwomba baba yake mkubwa, mzee Pontien, ambaye hakuna posa iliyofanyika bila yeye. Pontien alivaa koti, akasimama mbele ya wazee wa chama.

"Mtoto huyu ametoka kwenye nyumba ya heshima," alisema. "Hajamjibu mkubwa vibaya hata siku moja. Babu yake alikuwa mtu wa watu."

Aliendelea hivyo mpaka Wilbert, katibu wa chama, akainua mkono.

"Mzee, tunashukuru. Sasa tuambie. Umeme ukikatika, mitumba iliyokwisha kuandikwa inapotea?"

Pontien alikohoa. "Umeme... hayo wanayajua watoto."

Watu wote wakamgeukia Jeannine. Jibu alikuwa nalo. Lakini msichana ajitangaze mbele ya wazee, na baba yake mkubwa bado amesimama? Akainamisha macho.

Kasimu akasimama, tai shingoni. "Programu yangu inafanya kila kitu," alisema. "Haijawahi kukosea na haitakosea."

Hakuonyesha chochote, lakini angalau alisema. Mwenyekiti, mama Gaudiose, alitikisa kichwa. "Ijumaa tunarudi hapa," alisema. "Kila mmoja alete kompyuta yake. Tutaona kwa macho, halafu tunachagua."

Jeannine alirudi nyumbani akilia. Jirani yao Josephina, aliyekuwa akiuza mchele wa Usevya, alimwona akapiga kelele kutoka uani.

"Nimesikia. Eti ulikaa kama gunia."

"Mama, kwetu kujisifu ni aibu."

"Nani kakwambia ujisifu? Anayejisifu ni yule wa tai, anayeweza kila kitu. Mimi sisemi mchele wangu unashinda wote. Nasema umevunwa msimu huu, hauna mawe, shika mwenyewe uone. Mtu akishika, ananiamini kidogo. Akipika, anaongeza. Na magunia yangu nayafunga kamba nyekundu, sibadilishi, ili akirudi anijue. Siku nikitia mawe, kamba hiyohiyo itanichongea. Jina ndilo hilo."

Jeannine alifuta machozi.

"Haya," Josephina aliendelea. "Wakulima wanalilia nini?"

"Haraka. Programu yangu inapiga hesabu haraka."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba. Mzee Callixte alimcheka.

"Haraka ya nini, mwanangu? Mwaka jana mitumba yangu iliandikwa kwa Callixte mwingine. Tulikaribia kushikana mashati."

Nyumba nyingi zilisema hivyo hivyo. Majina yalifanana, mitumba ikapotea njia. Jeannine akaona alikuwa akitaka kuuza kitu ambacho hakuna aliyekililia. Akarudi kwenye kompyuta, akampa kila mkulima namba yake na jina la baba yake. Chini ya kila risiti akaandika: *Programu ya Jeannine Ladislas, Katumba. Ikikosea, niite.*

Likabaki jambo gumu kuliko yote. Alimwendea Pontien, akapiga magoti.

"Baba mkubwa, Ijumaa naomba unitolee salamu. Halafu nitasema mwenyewe."

Pontien alitikisa kichwa. "Watasema hatuna adabu."

"Nikiulizwa nikanyamaza, watasema hatuna kazi."

Mzee aligeuka akatazama shamba. Jeannine akaondoka bila kujua kama atakubali.

Ijumaa jenereta la chama lilinguruma. Kasimu alitangulia. Alifungua mashine, alama zisizosomeka zikajaa kwenye kioo, akasema zitatulia zenyewe. Hazikutulia. Kisha Pontien akasimama.

"Nawasalimu," mzee alisema. "Mwenye kazi ni huyu." Akakaa.

Jeannine akasimama kando ya kompyuta yake. "Mwaka jana mitumba ya watu ilichanganyika. Programu hii nimeitengeneza mimi ili isichanganyike tena. Mzee Callixte, njoo uone."

Alikuwa akiandika mtumba wa mwisho wa mzee jenereta lilipozima. Kioo kikawa cheusi. Kasimu akacheka kwa sauti.

"Haya sasa," alisema Wilbert. "Swali langu ndilo hili."

Safari hii Jeannine hakuinamisha macho. "Kila mtumba ukiandikwa unahifadhiwa hapo hapo kwenye disketi hii, ambayo haihitaji umeme kutunza," alisema. "Ule mmoja niliokuwa naandika umepotea, nitauandika upya. Mingine ipo."

Kamba ya jenereta ikavutwa, jenereta likakataa, ikavutwa tena, likawaka. Kompyuta ilifunguka polepole. Mitumba yote ya Callixte ilikuwepo, isipokuwa ule mmoja. Mzee alipokea risiti yake, akaisoma jina kwa jina.

"Ni mimi," alisema. "Huyu ni mimi kabisa."

Wazee wa chama wakamchagua Jeannine. Msimu ule ukapita bila mtu kushika shati la mwenzake. Programu ilikosea mara moja, akaitwa, akaenda akarekebisha mbele ya watu. Baada ya hapo walimwamini zaidi.

Siku moja mgeni alifika kwa mzee Pontien, kama desturi inavyotaka. Alitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga Usevya, na mkononi alishika risiti ya tumbaku yenye jina la Jeannine.

"Mzee, namtafuta mwenye jina hili, atutengenezee nasi programu kama hii. Nimeambiwa wewe ndiye msemaji wa familia."

Pontien alinyoosha mkono kuchukua koti lake, kisha akaliacha palepale.

"Kwenye posa ndiyo, msemaji ni mimi," alisema. "Kwa kazi yake, muulize mwenyewe. Yuko nyuma ya kanisa."