Kamba ya Bwana Radi

Bwana Radi hakuwa na mama. Hakuwa na mke wala mtoto, hakuwa na paa la kuezeka kabla ya masika, hakuwa na shamba. Hakuwa na njaa; katika filamu zote nane hakuonekana akitia mdomoni hata tonge moja. Hakuwa na sauti, maana maneno yake yalisemwa na Bwana Nasor, mkalimani wa serikali, aliyekaa juu ya lori na kipaza sauti. Hakuwa na shemegi. Na hakuwa na nguvu.

Hilo la mwisho lilijulikana na watu wachache. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu Bwana Radi nilikuwa mimi, Mmanga bin Jaribu, mpakiaji wa magunia ya karafuu, mkaazi wa Mgogoni.

Ndugu zangu, naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, na nasema hivyo kwa fahari, maana hadi nilipofika miaka thelathini sikuweza kuandika jina langu kwa herufi za skuli. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu nyumba moja iliumia, na kilichoiumiza bado kinaingia katika nyumba za watu bila kubisha hodi.

Mwaka 1957 nyumba yangu ilikuwa na amani. Mke wangu Mwanapili akikaa kizingitini akisuka ukili wa mkeka, binti yetu Mwatima akicheza na vipande vinavyokatwa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kaka yake Mwanapili, Himid, kutoka Pujini, na mikungu ya ndizi begani. Himid alikuwa mchezaji wa ng'ombe. Watu walitoka mbali kumtazama akimsimamia fahali na kitambaa cheupe mkononi, akimkwepa kwa nusu hatua.

"Shemegi," alikuwa akiniambia, "kifua unacho, lakini cha kubebea magunia tu. Moyo wa kumsimamia ng'ombe sijauona."

"Na weye moyo unao," nilimjibu, "akili ndiyo sijaiona."

Tulicheka, tukala, akaondoka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Mwaka huo lilifika Chake Chake lori la sinema. Mzungu mmoja mwenye kamera aliniona nikishusha magunia mawili kwa pamoja, akasimama kunitazama kama mtu anayenunua mnyama. Alitaka kutengeneza filamu fupi fupi za shujaa mmoja mwenye nguvu za ajabu, zizungushwe mashamba na kuonyeshwa bure. Katika kila filamu shujaa aokoe watu na jambo fulani: moto, mto uliofurika, wezi, maji machafu. Nilivikwa suruali nyeusi, kilemba, na shuka nyekundu iliyofungwa shingoni ikaning'inia mgongoni.

Nitawaambia ukweli wa kazi ile. Jabali nililolibeba lilikuwa gunia la makumbi ya nazi lililopakwa matope. Gari nililolinyanyua lilitiwa jeki upande usioonekana. Niliporuka juu ya mto, niliruka kutoka juu ya meza na kuangukia godoro la sufi. Na katika filamu ya nne, ile iliyopendwa kuliko zote, nilimzuia fahali mwenye hasira kwa kamba, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili nimeunyanyua kuwapungia watu. Yule hakuwa fahali wala hakuwa na hasira. Alikuwa ng'ombe mzee wa gari, aliyezoea kusimama akiambiwa. Na mwisho wa kamba ulifungwa kwenye mnazi, nje ya picha.

Sikuona ubaya. Mchezo ni mchezo. Ubaya ulianza pale watu walipoacha kuniita Mmanga nami nikaacha kuwasahihisha.

Filamu zilipoanza kuonyeshwa, nilisalimiwa "Radi" sokoni, "Radi" msikitini. Wageni wakaja nyumbani kunishika mikono. Nikaona si vizuri Radi aonekane na gunia mgongoni, nikapunguza kwenda kazini. Kisha nikaacha. Nilikaa barazani nimevaa kanzu safi, nikipokea wageni.

"Baba Mwatima," mke wangu aliniambia siku moja, "paa linavuja juu ya kitanda cha mtoto."

"Nitatafuta mtu."

"Mtu gani? Wee si wanyanyua magari?"

Ijumaa iliyofuata Himid alipanda juu na makuti, akaezeka tangu sala hadi Alasiri. Mimi nilikuwa chini na wageni kutoka Wete, nikiwaeleza jinsi mtu anavyolibeba jabali. Himid alisikia kila neno. Aliposhuka alinawa mikono, akasema taratibu, "Shemegi, nimekuachia kuti moja pale. Likikushinda uzito niite." Wageni walidhani ni mzaha, wakacheka. Na mie nikacheka.

Sasa nieleze mchezo wa ng'ombe kwa vijana ambao hawajauona. Fahali hufungwa kamba ndefu. Watu watatu huishika, na wa mbele ndiye mkubwa wao. Macho yake hayaondoki kwa mchezaji. Mchezaji akisema "Toa", kamba hulegezwa. Akisema "Lete", huvutwa saa ile ile, wala hakuna kuuliza. Anayesifiwa ni mchezaji, anayemrudisha nyumbani mzima ni mshika kamba. Kwa hiyo kundi la Pujini lilikuwa na ada: mchezaji akiumia kwa kosa la kamba, mshika kamba wa mbele humlimia shamba lake mpaka asimame tena. Akiumia kwa kosa lake mwenyewe, hana wa kumlimia, na uwanjani harudi, kwa kuwa mtu asiyejua kosa lake atawaua wenziwe.

Kaskazi ya mwaka 1959, Mzee Bakar, mkubwa wa kundi, alinitumia mwaliko. Mshika kamba wake wa mbele alikuwa mgonjwa. Nani ashike? Pujini nzima ilikuwa na jibu moja. Wote walikuwa wamemwona Radi.

Himid alinifuata kabla ya ngoma kuanza, akaniita pembeni.

"Mmanga, umeshawahi kushika?"

"Hujaiona filamu?"

"Nimeiona. Nakuuliza weye, siiulizi filamu."

Hapo ndipo palipokuwa mlango wa kutokea, ndugu zangu, nao ulikuwa wazi. Ningesema "Sijawahi", angecheka, angemtafuta mtu mwingine, na leo nisingekuwa na hadithi. Nilisema, "Wee cheza. Kamba niachie mie."

Alinitazama, kisha akakikunjua kitambaa chake cheupe. Mtu huamini maneno ya shemegi yake.

Alicheza vizuri siku ile kuliko siku zote nilizomwona. Zumari lililia, wanawake wakaimba jina lake. Kisha sauti moja upande wa wanawake ikapaza, "Radi, mkono mmoja!" Wengine wakaipokea. "Mkono mmoja! Mkono mmoja!" Wenzangu wawili walio nyuma walicheka, wakanilegezea kamba wenyewe ili watu wafaidi. Nikaushusha mkono wa kushoto kutoka kwenye kamba, nikaunyanyua juu, nikageuza uso kwa watu, kama nilivyofundishwa na yule Mzungu.

Himid alisema "Lete". Nilisikia, lakini nilisikia kama mtu asikiavyo jambo la jirani. Akasema tena. Mara ya tatu kamba ilipita kiganjani mwangu kama moto, na nilipogeuka, Himid alikuwa chini na fahali yuko juu yake.

Hakufa. Paja lilichanwa na goti likavunjika. Alilala hospitali wiki nyingi, akatoka akitembea kwa gongo.

Siku chache baada ya mchezo, baraza la kundi lilikaa nyumbani kwa Mzee Bakar kuamua kosa ni la nani. Himid aliletwa kutoka hospitali amebebwa kitandani. Alisema maneno machache: "Niliomba kamba mara tatu. Haikuja."

Wenzangu wa kamba wakaulizwa. Mmoja akasema, "Kamba alikuwa nayo Radi. Tangu lini Radi akashindwa na ng'ombe?"

"Alishika kwa mkono mmoja," alisema mzee mmoja.

"Mkono mmoja wamtosha. Sote tumeona kwa macho yetu, sinema ilipoonyeshwa kwenye kiwanja cha skuli."

Mzee Bakar hakuwa mjinga. Alinigeukia. "Mmanga, mwanangu. Yule ng'ombe wa sinema, ulimshika kweli?"

Nilikuwa nimekifunga kiganja changu kilichoungua ndani ya mkono wa kanzu. Watu arubaini walikuwa wakinitazama, na nyuso zao zilitaka jibu moja tu. Nikasema, "Mmeona wenyewe."

Basi. Ni maneno mawili tu, wala hayakuwa uongo ukiyapima moja moja. Himid alionekana mwenye kosa. Ada ya kamba hakuipata, na uwanja akafungiwa. Alifumba macho tu.

Nyumbani Mwanapili alinipaka asali kiganjani. Alimaliza, akafunga kitambaa, ndipo akauliza.

"Kaka yangu kasema uongo?"

"Baraza limeamua."

"Sikukuuliza baraza."

Asubuhi yake alikusanya nguo zake na za Mwatima. Alisema kwao kuna mama yao mzee, Bi Time, na konde la mpunga lisilo na wa kulipalilia, na kima wameshaingia kwenye muhogo. "Sitaki talaka," alisema mlangoni. "Nitamlimia ndugu yangu kile ulichopaswa kumlimia weye. Siku utakayosema kweli mbele ya waliokusikia, nitarudi. Hapa kwako nisije nikakuta Radi. Sikuolewa naye."

Nilijiambia atachoka. Hakuchoka. Niliambiwa anaamka alfajiri kwenda kondeni, na mikono imemtoka malengelenge. Niliambiwa pia kwamba Himid alipopita na gongo lake vijana walimwimbia, "Lete, lete." Posa yake ilirudishwa. Baba wa mchumba alisema hampi binti mtu anayesingizia wenziwe. Nikawa nakaa barazani peke yangu, maana wageni walipungua. Filamu zilichakaa kwa kuzungushwa, Mzungu akarudi kwao, na lori likaja na picha za kilimo. Kanzu yangu ikaanza kutoboka kwenye viwiko. Nikarudi kwenye magunia, na mgongo uliokaa bure mwaka mzima ulinikumbusha mimi ni nani.

Mwaka 1960 nilijiandikisha skuli ya watu wazima Chake Chake, baada ya Magharibi. Sikwenda kwa ajili ya toba. Nilikwenda kwa sababu karani wa ghala alinifanya nitie dole gumba mbele ya watu, na bado nilikuwa na kiburi. Mwalimu wetu, Maalim Marhoun, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minane na hakuwa na huruma. Mwezi wa saba alitupa kazi: kila mtu aandike sentensi tano za kweli kuhusu nafsi yake.

Nikaandika: Jina langu Mmanga. Nakaa Mgogoni. Nabeba magunia. Nina mke. Nilimshika ng'ombe.

Maalim alisoma. "Nne ziko sawa," alisema. "Ya tano umesahau kitu. Ng'ombe gani, wa nani, lini? Sentensi isiyo na mahali wala siku, Mmanga, hakuna awezaye kuihakiki."

Alikuwa akisahihisha insha, hakujua zaidi ya hapo. Mimi nilibaki na kalamu mkononi. Kwa mdomo ningeweza kuisema sentensi ile mara mia, tena kwa madaha. Kwenye karatasi ilikaa pale pale na kunitazama. Nikaikata, nikaandika chini yake: Sikumshika ng'ombe. Kamba ilifungwa kwenye mnazi.

Ilinichukua siku kumi na moja kuifanya iwe barua. Niliiandika kwa Mzee Bakar, nikamwomba aisome uwanjani kabla ya ngoma, mbele ya watu wote. Nilitaja mnazi, jeki na makumbi. Nilitaja kwamba Himid aliniuliza nami nikamdanganya, kwamba aliita mara tatu nami nilisikia, na kwamba konde lake nitalilima mimi. Sikuandika neno la kujitetea, ingawa nilikuwa nimejifunza mengi.

MAFUNZO

Msomaji, usidhani hadithi hii ni ya watu wa sinema. Sifa ni nguo ya kuazima. Ukiivaa harusini hakuna wa kukulaumu, lakini ukilala nayo, ukalimia nayo, ukaendea nayo barazani, utasahau kwamba ina mwenyewe. Mtu akikusifia usichokuwa nacho, mwambie siku ile ile, angali anacheka. Ukichelewa, kutakuwa na mtu ameshakutegemea, na yeye ndiye atakayelipa. Na anayelipa huwa ni wa karibu, kwa sababu wa mbali hakupi kamba.

Na pili, jifunzeni kuandika, hata mkiwa wazee. Mimi ulimi wangu ulinidanganya, kalamu ikakataa.

Barua ilisomwa uwanjani kama nilivyoomba. Himid aliruhusiwa tena uwanjani, na ingawa goti halikumruhusu kucheza, alishika kamba ya mbele miaka mingi na hakuna mchezaji wake aliyeumia. Konde lake nililima misimu mitatu. Msimu wa kwanza hakunisalimia. Mwanapili alirudi, si siku ile, bali siku aliyotaka mwenyewe.

Lakini hayo nayajua leo. Asubuhi ile ya mwaka 1960 nilikuwa sijui lolote. Nilisimama Chake Chake kwenye kituo cha gari la Pujini, na dereva wake, Othman, alikuwa akipanga vikapu vya abiria juu ya paa.

"Aa, Radi," alisema. "Barua ya Pujini hiyo? Si uruke nayo mwenyewe, yakhe?"

Abiria wakacheka na kutoa vichwa vyao nje.

"Mimi siruki, Othman," nilisema. "Sijapata kuruka hata siku moja. Niliruka kutoka juu ya meza."

Hawakucheka tena. Niliisoma barua mara ya mwisho nimesimama, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha. Nikaulamba ukingo wake wenye gundi, nikaubana kwa kiganja chenye kovu mpaka ukashika. Nikampa. Aliitia mfukoni mwa shati, akawasha gari, akaondoka.