Kuku Matilda na Tundu la Tatu

Ulikuwemo ukumbini mwa sinema, usikane. Kuku Matilda wa katuni alipoanza kukimbia kwa rangi zake nyekundu na kijani, ulicheka. Majina yalipopita kabla yake, uliinamia bisi zako. Ulitazama pembeni. Basi sikia jinsi kuku huyo alivyoibwa.

Hollywood, Machi 1942, saa mbili asubuhi. Ghala la studio ya Finch lilikuwa bado linafuka moshi. Matilda wa kwanza, yule wa nyeusi na nyeupe wa miaka minane nyuma, ameungua: filamu pamoja na michoro yote ya penseli. Ndivyo alivyoambiwa Sajini Orrin Teague, mpelelezi wa zimamoto.

Alianza na mlinzi, Gus Mroz. "Kipande hiki cha sigara ni chako?"

"Changu, bosi. Niliivutia nje, mvua ikanizimia. Kibinye uone."

Kilitoa maji.

Akabaki Verna Stadtler, mtia rangi wa katuni, amekalishwa kitini, polisi wawili mlangoni. Yeye ndiye aliyembuni na kumchora Matilda wa kwanza. Jana jioni, aliposikia jina litakaloandikwa kwenye filamu mpya ya rangi ni la mwongozaji Lowell Pruitt, alifoka mbele ya chumba kizima: heri michoro iungue! Sasa jela ilikuwa inamsubiri.

"Ulisema, hukusema?" Teague akamwuliza.

"Nilisema. Hata mama yako angesema."

"Mama yangu mwache."

"Nawe tumia akili, Sajini. Michoro ile ndiyo shahidi wangu pekee. Nimchome shahidi wangu?"

Teague akarudi ghalani. Rafu ya Matilda ilikuwa na majivu mepesi, ya kupeperuka kwa pumzi. Akakunja uso. Moto wenyewe ulikuwa umezimwa mapema, na kwenye rafu ya jirani karatasi zilizobanana ziliungua kingo tu, katikati zikabaki. Mabunda ya Matilda nayo yangebaki katikati; basi michoro yake haikuwapo moto ulipowaka.

Saa nne alikuwa chumbani kwa Pruitt.

"Kahawa? Sukari adimu kwa vita, nisamehe."

"Michoro ya zamani uliigusa lini?"

"Mimi? Miaka minane sijaitia mkononi. Matilda wa rangi nimemchora upya, mstari kwa mstari. Ndiyo maana Bwana Finch amenipa mkataba."

"Na mashine hii?"

"Ya kutoboa karatasi, zikae kwenye vijiti vya meza ya kuchorea, zisiteleze. Zamani meza zilikuwa na vijiti viwili, siku hizi vitatu. Karatasi ya zamani haikai hapa hata uibembeleze." Akacheka.

Teague akachomoa kisanduku kilicho chini ya mashine. Juu kulikuwa na viduara vya karatasi nyeupe. Chini yake, rundo la manjano kama meno ya mvuta kiko.

Alimwita Finch, mwenye studio, na Verna. Akavimwaga viduara mezani.

"Bi. Verna, karatasi gani hii?"

"Ile ya zamani, ya bei ya chini. Hugeuka manjano. Tuliacha kuinunua zamani." Akamgeukia Pruitt taratibu. "Ulizitoboa. Ulitoboa tundu la tatu, michoro yangu ikae kwenye meza yako, wasichana wa studio wakanakili."

"Mji mzima unanakili, dada!"

"Mji mzima hauchomi ghala," Teague akasema. "Fungua hilo kabati lako."

Pruitt akamtazama Finch. Finch akatazama dirisha. Ufunguo ukazunguka: Matilda alikuwamo, mabunda kwa mabunda, matundu mawili yamechakaa na la tatu jipya.

"Kwa nini michoro hii hukuichoma?" Teague akauliza.

"Kipande cha mwisho, Matilda anapokimbia, hatujamaliza kukinakili," Pruitt akanong'ona. "Verna angeileta filamu ya zamani mbele ya Finch, naye Finch angeona ni kitu kilekile. Mkataba ungekwenda. Na jana amejipigia kelele mwenyewe, lawama zingemwangukia yeye..."

Akafungwa pingu. Verna akajifuta rangi mikononi. "Bwana Finch, jina langu?"

"Mabango yameshachapwa, binti yangu," Finch akasema, akavaa kofia yake.

Kwa hiyo mwizi yuko jela, na jina lake bado linang'aa ukumbini kwenu. Verna yupo palepale, anapaka rangi kuku wake mwenyewe. Jumamosi Matilda anaonyeshwa tena. Weka bisi chini. Jina la Pruitt likitokea, simama, waambie wawashe taa, mwite meneja mbele ya watu umwulize jina la Verna Stadtler liko wapi. Usikae mpaka akujibu.