Mate ya Nunzia

Naapa kwa goti langu la kulia, ambalo ndilo lililobaki zima, kwamba humu hamna neno la uongo. Nimeishi Napoli miaka sabini na mitatu. Ningekuwa mwongo wangeshanijua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko limefurika. Catello, muuza mishumaa wa mlangoni pa kanisa la Mama wa Ngazi, kabeba sanduku begani. Nunzia akatokea upande wa pili: gauni la manjano, viatu vyekundu, nywele kazibana kwa brashi ya rangi. Wakagongana. Mishumaa yote ikatumbukia kwenye beseni la kome, na kome mmoja akafungua mdomo akameza mshumaa mzima.

"Dada, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nimekuja nayo. Yalikuwa yanakutazama wewe, ndiyo maana."

Catello akaokota mshumaa mmoja akampa bure, jambo ambalo mtaani kwetu halijawahi kutokea.

Nunzia alikuwa fundi wa kusafisha picha za kale. Aliletwa kwa ajili ya ile picha kubwa ya kanisani, Mama Mtakatifu na Mtoto wake, iliyofunikwa na moshi wa karne tatu hata Mtoto ukawa humwoni ila unyayo. Tangu siku ile, kila jioni simu ya Nunzia ikalia, Catello huyo.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Leo nimefika puani kwa Mama."

"Siku nzima, pua tu?"

"Moshi wa mishumaa yenu huo. Mishumaa ya babu yako peke yake imenila wiki nzima."

Vuli ilipoingia, Catello alikuwa na pete mfukoni. Siku moja akampelekea kitumbua cha jibini chenye sukari ya unga, akachungulia kwenye turubai la jukwaa la mbao alilosimama kufikia picha. Akamwona Nunzia anatia kijiti chenye pamba mdomoni, anakilowesha mate, kisha anasugua shavu la Mama.

Alimnong'oneza mtu mmoja tu, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua: yule msichana anamtemea mate Mama. Kufika jioni alikuwa keshatema mara tatu na kucheka. Kina mama wakaandika barua kwa padri, afukuzwe, na mtaa ukatia saini.

"Nimekuona," Catello alisema kwenye simu.

"Umeona nini, mpenzi?"

"Mate, Nunzia. Usoni kwa Mama."

"Ndivyo tunavyofanya kazi. Mate ni laini, hayachubui rangi."

"Mama yangu alipiga magoti mbele ya uso ule siku moja kabla sijazaliwa."

"Na wewe umetia saini?"

"Umekula, roho yangu?"

"Umetia," Nunzia alisema, akakata.

Siku nne simu haikulia. Siku ya tano padri akamwambia Nunzia afungashe vifaa. Hapo ndipo Mama Filumena, mzazi wa Catello, miaka themanini, alipopanda jukwaa peke yake kwa viatu vyake vya msibani, mtaa wote ukitazama kutoka chini. Akausogelea uso wa Mama, nusu safi, nusu masizi.

"Unamfuta na nini, binti yangu?"

"Mate, mama."

Mama Filumena akawageukia watu chini. "Catello. Siku ya komunyo yako ya kwanza ulipaka chokoleti mpaka masikioni. Nilikufuta na nini?"

"Na leso, mama."

"Leso iliyolowa nini?"

Catello akatazama viatu vyake. Chini, mtu akaanza kucheka, kisha mwingine, maana hakuna aliyekulia mitaa ile bila kufutwa hivyo.

"Mate, mama."

"Basi. Huyu wa pichani naye alimfuta mwanawe hivyohivyo. Yeye kangoja miaka mia tatu apate wa kumfuta."

Catello akapanda, kidevuni bado ana sukari ya kitumbua alichokula asubuhi.

"Nimekuwa mpumbavu."

"Endelea."

"Mpumbavu mkubwa."

"Endelea, sijashiba."

Akatoa pete. Nunzia akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akamfuta sukari kidevuni taratibu.

"Kwanza uwe safi," alisema. "Haya, nivishe."

Na pale juu, Mama akakonyeza. Jicho la kushoto.

Nilikuwa nimefika hapo jana, nikiwasimulia watu baani, Nunzia akasema nyuma yangu, "Mzee Tatonno, jicho la kushoto nilikuwa sijalisafisha. Lilikuwa jeusi ti. Ulilionaje?"

"Goti langu..."

"Achana na goti. Waambie pia nani alikimbia mtaa mzima kutangaza mate."

Wakanigeukia wote, hata wale waliotia saini. Nikatoa pochi niwalipie wote, ndiyo faini yangu. Kahawa kumi na saba, na mwenye baa akaongeza moja ya kumwekea maskini yeyote atakayepita.