Sauti Iliyokatika Dakika ya Ishirini na Moja

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mtu aliyekufa miezi mitano nyuma alipotea kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza Mzee Fransisko alipotea kwa njia tunayoijua wote: homa, wodi ya misheni, jeneza, udongo mwekundu wa Matombo. Mara ya pili alipotelea ndani ya kompyuta. Jane, mkurugenzi wa kituo kinachohifadhi sauti za wazee wa Uluguru, alitaka kunakili mahojiano ya mzee huyo kwa ajili ya baraza la ardhi. Akakuta faili halipo. Folda haipo. Sauti zote za Matombo, saa mia nne za wazee kuongea, zimetoweka kana kwamba huko hakujawahi kukaa mtu.

Hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu jasho. Lakini siku hiyohiyo, saa saba na robo mchana, wafanyakazi walipokwenda kula, mlinzi Agustino alimsikia Mzee Fransisko akikohoa ukutani.

"Mara tatu," alimwambia Jane, kofia mkononi. "Akacheka. Akasema, 'Sasa nisikilizeni vizuri. Shamba hili…' Halafu kimya. Ni yeye, mama. Nimekunywa naye pombe miaka thelathini, kikohozi chake nakijua."

Jane, msomi asiyeamini mizimu, alifunga dirisha linalotazama mlimani, kisha akapiga simu Mafiga kwa Latifa.

Latifa alikuwa sajenti wa mawasiliano polisi kwa miaka ishirini na miwili. Sasa ana kibanda cha kutengeneza kompyuta. Maisha yalikuwa yamemzaba makofi mashavu yote mawili, naye aliamua kucheka ili yakose pa kupiga. Jumatano saa mbili na nusu alishafika kituoni, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa.

"Umeniita kwa ajili ya kompyuta au jini?" aliuliza. "Maana vifaa ni tofauti."

Jane hakucheka. Alionyesha kwa kidevu benchi la nje, alipokaa mwanamke mwenye kapu la ndizi miguuni.

"Yule ni Yuliana, mpwa wa marehemu. Jumatatu alikuja kusikiliza, nikamwacha peke yake na kompyuta nusu saa. Akatoka akasema hamna kitu humo. Nikadhani hajui kutumia. Jumanne nakuta patupu."

"Ana sababu gani ya kufuta?"

"Kesho saa tatu baraza linaamua shamba la mzee. Upande mmoja ni huyu, analilima miaka kumi na mitano. Upande wa pili ni watoto wa marehemu, wanaongozwa na kaka yao mkubwa, George wa Dodoma. Baraza linataka kusikia maneno ya mzee mwenyewe. Sauti ikikosekana, wataamua bila hiyo, na mimi nitalazimika kusema nani aliigusa mwisho."

"Yaani anaweza kupoteza shamba na kupata kesi ya jinai kwa siku moja."

"Kajitakia. Mzee lazima aliwaachia wanawe. Baba gani atawaruka watoto wake?"

Latifa alitikisa kichwa kukubali. Jane ni wa Bukoba, yeye wa Songea. Kote huko mtoto hufuata kwa baba. Hilo ndilo kosa alilolifanya Latifa siku ile, na alilifanya mapema, kabla hata ya chai.

Fundi wa mitambo aliingia. Kijana mrefu, macho mekundu, mwendo usiosikika.

"Huyu ni Severin," alisema Jane. "Kitinda mimba wa marehemu. Kesi yenyewe kakataa kuitia jina lake."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na baba."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. "Mama, wanasema humu ndani watu wote wahojiwe. Mimi nikuulize: ningeweza kufuta sauti ya baba yangu? Ndiyo pekee iliyobaki."

Latifa alimtazama usoni akaona kwamba hasemi uongo. Naam, hakusema uongo. Lishike hilo.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi ya chumba cha maiti. Seva moja kubwa juu. Chini yake kabati la diski ishirini na nne, taa zake za kijani zikipepesa. Seva ndiyo inayofikiri, kabati ndilo linalokumbuka, na kati yao zilipita nyaya mbili za faiba, nyembamba kama tambi. Ndani ya kabati kumbukumbu zimegawanywa mafungu sita, na kila fungu hupangiwa seva itakayoliona. Fungu lisilopangiwa seva hiyo lipo palepale, ila kwa seva hiyo ni sawa na hewa.

"Labda ni mimi," alisema Severin. "Jumamosi nilipuliza vumbi humu, kama kila Jumamosi. Labda niligonga waya."

"Waya ukilegea, mafungu yote sita yanapotea kwa pamoja. Hapa limekwenda moja, matano yamebaki yanakula upepo."

Latifa alipiga magoti nyuma ya kabati na tochi. Matundu manane ya faiba. Mawili yana nyaya za seva. Mengine sita yangepaswa kuzibwa kwa vifuniko vidogo vya mpira, vumbi lisiingie. Alihesabu, akahesabu tena. Akaandika daftarini: *vifuniko vitano*.

"Nifungulie ukurasa wa mipangilio ya kabati."

"Unagoma tangu jana, mama."

"Paswedi anayo nani?"

"Mimi. Na mkurugenzi anayo kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri."

"Basi tuuache upumzike," alisema Latifa, akatoka nje.

Yuliana alisimama. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa. Ile nusu saa ulifanya nini?"

"Nilimtafuta mjomba. Niliandika jina lake, ikaniletea wazee wa Mgeta, wazee wa Kinole. Matombo hamna. Basi nikakaa tu."

"Ulikaa nusu saa unatazama kioo?"

"Nilitaka kumsikia mimi kwanza, kabla watu wa barazani hawajamsikia. Sikumpata, nikaona aibu kutoka upesi." Alivuta kapu karibu. "Wanasema nimemfuta. Mimi simu yenyewe ananifungulia mwanangu."

"Unajua alisema nini?"

"Sijamsikia. Ila nyumbani kila mtu anajua angesema nini." Alimtazama Latifa kama unavyomtazama mtu anayeuliza kama maji huteremka.

Latifa aliandika: *anajua*. Wino ulionekana mweusi kuliko kawaida. Mtu anayejua ni mtu mwenye sababu, na alimhurumia huyu mwanamke kwa huruma ile mbaya, ya mtu anayekaribia kukufunga.

Saa saba kasoro dakika tano aliketi na Agustino kibarazani, nyuma ya jengo, karibu na ukuta wa stoo. Ofisi zilikuwa tupu. Wote wamekwenda kula. Ukungu ulikuwa umeula mlima wote, na kilichobaki cha Uluguru ni sauti ya maji tu mahali fulani juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe Mngoni, eh? Babu zako walitukimbiza mpaka tukapanda huko juu. Leo umefuata nini, mlisahau kuku?"

"Tulisahau Waluguru wawili watatu. Nimekuja kuwachukua, naanza na wewe."

"Nichukue, mtani, ila uwe unapika wewe." Mzee alicheka, kisha akaacha ghafla. "Saa inakaribia. Mimi sikai hapa."

"Kaa. Niambie kwanza: huyu Yuliana kwa nini aogope maneno ya mjomba wake?"

"Nani kasema anaogopa?"

"Si mzee atakuwa amewapa watoto wake?"

Agustino alimgeukia polepole. "Lo, mtani! Na unalipwa kwa kazi hii? Sikiliza. Kwetu ardhi ni ya *lukolo*, ukoo wa upande wa mama. Fransisko alipewa shamba na ukoo wa mama yake. Watoto wake wao ni wa ukoo wa Catherine, mama yao. Akifa, shamba linarudi kwa mtoto wa dada yake. Nani huyo? Yuliana. Siku hizi watoto wanabisha, na mabaraza mengine yanawasikiliza. Lakini Fransisko? Mzee wa kanisani yule, na wa ukoo. Asingegeuza."

Latifa alihisi moto masikioni. Amemtazama mwizi na aliyeibiwa, akawabadilisha viti. Yuliana ndiye aliyekuwa anaihitaji sauti ile. Waliotaka ipotee ni upande wa yule ambaye yeye alimpa pole.

Ndipo ukuta ukakohoa.

Mara tatu, kikohozi kikavu cha mzee mvuta tumbaku. Kikafuata kicheko kidogo. Nywele za mikono zilimsimama Latifa, na Agustino alishafika kwenye ishara ya msalaba ya pili. Sauti ikasema, karibu kabisa, kama mtu aliyeketi benchi lilelile:

"Sasa nisikilizeni vizuri. Shamba hili…"

Kimya. Maji tu kule juu.

"Jana nayo ilikatika pale?" Latifa alinong'ona.

"Palepale. Kama amezibwa mdomo."

Kisha yule sajenti wa zamani akaamka ndani yake. Marehemu hakohoi bila diski. Sauti ikisikika, basi haikufutwa. Kuna mashine inaisoma. Na mzimu unaonyamaza siku mbili mfululizo kwenye neno lilelile, kuna kidole kinauzima.

Saa nane na dakika kumi Jane alivunja lakiri ya bahasha mbele yake. Ilikuwa nzima, haijaguswa. Ukurasa wa kabati ulifunguka mara ya kwanza, bila mgomo wowote. Kumbukumbu zake zilisomeka hivi: Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kadi ya seva ngeni imejitambulisha kwenye tundu la nane. Saa nne na dakika kumi na tisa, fungu la Matombo limeondolewa seva kuu na kupangiwa kadi hiyo. Aliyefanya: fundi.

"Jumamosi," alisema Jane taratibu. "Yuliana alikuja Jumatatu."

"Alikuja kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa. Mwombe radhi baadaye, na mimi nitakuwa nyuma yako kwenye foleni. Ufunguo wa stoo uko wapi?"

Waya wa tatu ulitoka nyuma ya kabati, kwenye tundu lililokosa kifuniko, umefichwa kati ya nyaya za umeme, ukapanda darini na kushukia stoo. Pale, chini ya turubai lisilo na vumbi, ilinguruma seva ya zamani yenye karatasi iliyoandikwa MBOVU. Mbele yake kreti la soda limegeuzwa kuwa kiti. Juu ya seva, spika ndogo.

Saa tisa kamili Latifa aliwaita wote. Jane na Yuliana waliingia, Agustino akabaki ukutani, karibu na mlango. Severin aliona turubai chini. Akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Hukufuta," alisema Latifa. "Uliniambia kweli. Uliliambia kabati tu lisimwonyeshe mtu mwingine. Mtu anayetaka kuua ushahidi angefuta, dakika moja. Wewe ulishindwa."

"Nilijaribu," alisema Severin. "Ijumaa nilifika mpaka kwenye swali la mwisho, *una uhakika?* Sikuwa na uhakika."

"Kwa nini, Severin?" Yuliana aliuliza. "Tumekula sahani moja."

"Mama yangu kazikwa mle, dada. Catherine si wa ukoo wenu, na mimi si wa ukoo wenu. Shamba likirudi kwenu, mimi nitaenda kaburini kwa mama kama mgeni? Nibishe hodi?" Alijifuta uso kwa mkono. "Nilitaka kesho ipite tu. Baada ya hapo ningemrudisha."

"Na mimi ningekuwa mahabusu."

"Spika ya nini?" Latifa aliuliza. "Ungetumia vile vya masikioni, Agustino asingezeeka miaka kumi kwa siku mbili."

"Vya masikioni anakuwa ndani ya kichwa changu. Nilitaka awe chumbani."

Hapo hata Latifa, aliyekuwa na utani tayari mdomoni, aliumeza.

"Mashine yako inakumbuka kila kitu, fundi. Umeifungua mara tisa, mara zote umeizima dakika ya ishirini na moja. Mahojiano ni dakika hamsini na tatu. Kwa nini pale?"

"Kwa sababu nilikuwepo. Siku wanamrekodi nilipanda Matombo kumsalimia. Nikafika mlangoni, nikamsikia anasema shamba ni la Yuliana. Nikageuka, nikashuka mlima, sikubisha hodi. Najua kinachofuata."

"Unajua sentensi moja inayofuata," alisema Latifa, akabonyeza.

Kikohozi. Mara tatu. Kicheko. "Sasa nisikilizeni vizuri. Shamba hili ni la ukoo wa mama yangu. Mimi nikifa, linarudi kwa Yuliana, mtoto wa dada yangu. Nimemaliza."

Yuliana alijiziba mdomo kwa khanga. Severin alinyoosha mkono kutoka mlangoni, aizime. Agustino akaushika, akaushikilia.

Kwenye spika kulikuwa na upepo. Kuku. Kisha jiwe dogo likateleza nje ya nyumba ile ya miaka miwili iliyopita, na kiti kikalia, mzee akigeuka.

"Severin? Ni wewe? Ingia basi, mwanangu. Unasimamaje mlangoni?"

Spika ilingoja, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia.

"Kaondoka," alisema mzee, chini kwa chini. "Miguu ya mama yake ile, haisikiki. Basi andikeni na hili. Kaburi la Catherine, na migomba inayolizunguka, na njia ya kufika pale, Severin asizuiwe na mtu. Yuliana mwambieni hivyo, ataelewa. Na huyu mtoto mwambieni… Hapana. Atarudi mwenyewe, nitamwambia."

Yuliana alishusha khanga. Uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa ngumu.

"Ungeacha wanifunge, Severin. Hilo sitalisahau leo wala kesho. Utasema mbele ya baraza, kwa mdomo wako." Akavuta pumzi. "Ila kwa mama yako hutabisha hodi. Mjomba kasema."

"Kwanza utasema mbele ya polisi," aliongeza Latifa. "Nitakupeleka mwenyewe. Kabla ya hapo, lirudishe fungu lilikotoka, mimi nikitazama. Hili kreti hapa. Kaa."

Sauti ya mzee ilikuwa bado inaendelea, sasa akieleza mvua za zamani na majina ya vijito. Severin, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akavua viatu, akaingia.