Karatasi Nne Zisizong'aa

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ile ilikuwa na kazi zake. Kaka alifua uani, Mama alichapisha picha za watu kwenye stoo, na binti wa miaka kumi na miwili alifagia na kupiga deki, kisha akasimama mlangoni mwa stoo kumtazama Mama. Stoo yenyewe haikuwa na dirisha. Ilitosha meza moja, kompyuta, printa na rafu ya karatasi. Mtu wa pili akiingia, wa kwanza hana budi kubana tumbo.

Binti huyo kila mtu alimwita Najua. Ukimwambia hivi, "Najua." Ukimwambia vile, "Najua." Kaka yake alikuwa akimtania: "Wewe hata siku ya kuzaliwa ulimwambia mkunga, 'Usinielekeze, bibi, njia naijua.'"

Jumamosi hiyo Mama aliitwa ghafla shuleni kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi. Kabla hajatoka, alimwonyesha Najua picha kuukuu, ndogo kama kiberiti, iliyoliwa na mchwa pembeni. Mwanamke kwenye picha alikuwa amefunga kilemba, anacheka kwa macho, meno yakionekana kwa mbali.

"Huyu ni mama yake Bibi Mkunga," alisema. "Nimeshaiingiza kwenye kompyuta, imebaki kuchapishwa. Bibi anaifuata saa tisa. Kesho alfajiri anampelekea dada yake aliye mgonjwa, ambaye hana hata picha moja ya mama yao."

Kisha akashika pakiti iliyokuwa rafuni. "Itachapishwa kwenye karatasi hizi zisizong'aa. Bibi amepasuliwa macho, kitu kinachometameta hawezi kukitazama. Zimebaki nne tu, na dukani zimekwisha mpaka wiki ijayo. Usiziguse. Zina upande wake, nikirudi nitakuonyesha."

"Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Najua tu."

Mama alimtazama kidogo, akachukua kamera yake, akaenda.

Najua alikaa mbele ya kompyuta. Aliwaza jinsi Mama atakavyorudi amechoka na kukuta kazi imekwisha. Tangu siku hiyo angeruhusiwa kuchapisha bila kusimamiwa. Akafungua pakiti. Karatasi zile zilikuwa nyeupe huku na nyeupe kule, hazikuonyesha mbele wala nyuma. "Upande gani tena?" alijisemea. "Karatasi ni karatasi." Akatia moja, akabonyeza.

Ilipotoka, aliinyanyua kuitazama. Uso wa yule mama ulikuwa kama ulioanikwa kwenye mvua. Weusi wa kilemba ulikuwa umesambaa mpaka kwenye paji, na macho yaliyokuwa yakicheka yalikuwa madoa mawili. Akafikiri wino ndio mbovu. Akasafisha printa kama alivyomwona Mama akifanya, akatia karatasi ya pili vilevile. Ikatoka vilevile. Kwa ya tatu akachagua wino mwingi zaidi. Hiyo ililowa kabisa.

"Najua!" Kaka aliita kutoka uani. "Mbona hiyo printa inakoroma hivyo?"

"Naisafisha!"

Uongo wa kwanza ulitoka kirahisi. Najua akafunga mlango wa stoo. Joto likapanda, harufu ya wino ikamjaa puani. Karatasi tatu zimekwenda, imebaki moja. Akisema, ataulizwa kwa nini alizigusa. Asiposema, Mama atafungua pakiti na kuona mwenyewe. Aligeuka huku, aligeuka kule, na kila pembe ilikuwa ukuta.

Mwishowe alizikunja zile tatu mara nne nne, akazikandamiza chini ya godoro lake. Ile iliyobaki akairudisha kwenye pakiti. Kisha akachukua karatasi inayong'aa, ambayo mbele yake humeremeta yenyewe na haimpotezi mtu. Picha ikatoka safi, kila uzi wa kilemba unahesabika. Akaitia kwenye bahasha na kuifunga. Nani atajua?

Mama alirudi karibu saa tisa, vumbi mpaka kwenye kope. "Ngoja ninawe uso nichapishe ile picha."

"Tayari, Mama. Nimeshaichapisha."

Mama akasimama. "Kwenye karatasi isiyong'aa?"

"Ndiyo."

"Na upande ukaujua?"

"Niliujua."

Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenitua mzigo."

Najua alitamani angepigwa. Baraka ile ilimuuma kuliko kofi. Alifungua kinywa, lakini kabla hajatoa neno, hodi ikapigwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaendelea kujua?" Bibi Mkunga alicheka. Ndiye aliyemzalisha Mama alipomzaa Najua, kwa hiyo utani ule alikuwa na haki nao. Aliketi kwenye kiti kilichoelekea dirisha, akafungua bahasha, akaishika picha kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akaiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto. Akafumba macho, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akajaribu tena.

"Mwanangu," alimwambia Mama taratibu, "hapa naliona dirisha. Naliona vizuri kabisa, na nondo zake. Mama yangu simwoni."

Mama akaichukua picha, akaigeuza kwenye mwanga. Akageuka kuelekea stoo, na Najua akajua kwamba baada ya hatua sita pakiti itafunguliwa. Zilipobaki hatua mbili, akasema.

"Mama, nimeziharibu. Imebaki moja tu. Upande siujui. Sikuwahi kuujua."

Akaenda kuzileta zile tatu, zimekunjamana, wino umehamia hadi kwenye shuka. Alingoja akaripiwe. Mama alizikunjua moja moja mezani, akapitisha kidole kwenye mikunjo.

"Ulichapisha mgongoni," alisema. "Dawa inayoshika wino imepakwa upande mmoja tu. Unaona huku kwingine? Kulikuwa safi. Ungezianika zikauka, tungezigeuza tu, tukachapisha tena."

"Kwa hiyo hazikuwa zimeharibika?"

"Zilipotoka kwenye printa, hapana. Zimeharibiwa chini ya godoro."

Najua aliinamisha kichwa. Mama akachomoa karatasi ya mwisho. "Nawe umeirudisha ovyo, hata mimi siwezi kusema mbele ni wapi. Njoo. Lamba mdomo wako. Sasa gusisha pembe ya karatasi, huku, halafu huku. Upande unaong'ang'ania mdomo ndio wenye dawa."

Najua aligusisha. Upande mmoja uliteleza. Wa pili ulinata kidogo, kama unamshika asiondoke.

"Ni huu?" aliuliza. "Na uangalie wapi, Mama? Juu au chini?"

"Kwenye printa yetu, uangalie juu."

"Tia wewe. Mimi naogopa."

"Utatia wewe, nimesimama hapa."

Karatasi ilimezwa polepole. Mstari baada ya mstari yule mama akatokea: kilemba, paji, macho. Hakumeremeta. Walimwacha akauke, kisha Mama akampeleka kwenye kile kiti kilichoelekea dirisha.

Bibi Mkunga hakuinamisha picha kulia wala kushoto. Aliitazama tu. Akaisogeza karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikuwa na mwanya. Dada yangu kila siku ananiambia, nami nabisha."

Akaitia kwenye bahasha, kisha akamwita Najua akae karibu naye.

"Mjukuu wangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini. Usiku ambao sikujua jambo, niliuliza, hata kwa wasichana walioanza kazi juzi. Walinicheka, nikacheka nao, na mama akatoka na mwanawe. Kuuliza kunaaibisha kwa dakika moja. Na ukikosea, kosa liache wazi lionekane, maana lililo wazi hutengenezeka. Ukilikunja ukalificha, unalivunja mara ya pili. Mungu naye huliona hata chini ya godoro."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila shuka utaifua mwenyewe." Bibi akainuka. "Doa la wino hutolewaje, unajua?"

Kaka, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya nguo, alitega sikio.

"Sijui, bibi," alisema Najua. "Niambie."