"Nitalifikiria" ya Kiosaka

— Shemeji, tangulia wewe.

Lile neno "shemeji" kinywani mwa Yuzuru lilimchoma Chinatsu kuliko upepo wa Februari. Akainama, akaingia kwenye kibanda cha bembea. Shigeki, mchumba wake, akajibana ubavuni pake. Yuzuru akakaa mbele yao, magoti yake karibu yaguse ya Chinatsu. Mlango ukafungwa kwa nje, komeo likalia, na ile bembea kubwa nyekundu ya gurudumu ikaanza kuwapandisha taratibu juu ya mapaa ya Umeda, katikati ya Osaka.

Hapakuwa na pa kukimbilia.

Tangu asubuhi ilikuwa hivyo. Yuzuru alikuwa amekuja kutoka Tokyo kukimbia marathoni ya kesho, na kwa kuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya Shigeki, tawi la kule, Shigeki aliapa kumtembeza Osaka nzima. Chinatsu akaburutwa naye. Laiti Shigeki angejua kwamba mgeni wake na mchumba wake waliwahi kukimbia pamoja kila jioni kando ya mto Yodo, asingekuwa na bashasha ile.

— Pale darajani umenifurahisha, mdogo wangu, Shigeki alisema. Umenyanyua mikono kama yule mkimbiaji wa kwenye bango. Ila vitumbua vya pweza umevikataa. Osaka hiyo ni dhambi.

— Mafuta, kaka. Kesho tumbo litanisaliti.

— Chinatsu naye hakula. Mnafunga?

— Sina njaa, Chinatsu akajibu.

— Ana mawazo ya harusi huyu. Mama ameshampima kimono, ukumbi tumeshapata. Leo tunakula kwa wazazi wake, tutangaze tarehe.

Chinatsu akageukia dirisha. Zawadi za posa za kina Shigeki zilikuwa zimepangwa sebuleni kwao, juu kabisa, mahali ambapo kila mteja wa duka la visu la baba yake angeziona akipewa chai. Shigeki hakuwa mtu mbaya. Alimchagulia chakula, akamchagulia viatu, akamchagulia hata marafiki, na kila alipochagua Chinatsu alihisi chumba kimepungua upana. Alimkubali kwa sababu alikuwa na donda, na mwenye donda hachagui dawa.

— Na wewe? Shigeki akamgeukia Yuzuru. Mwanaume mzima, unakimbia kimbia tu. Unamkimbia nani?

Yuzuru akacheka kidogo, akijitazama viatu.

— Kulikuwa na mtu, kaka. Wa hapa hapa Osaka. Aliniomba yeye tuoane.

— Yeye? Huyo ndiyo mwanamke. Ukasemaje?

— Nikamwambia, nitalifikiria.

Chinatsu akaanza kuhesabu mapaa kule chini.

— Nikapanda treni mpaka kwetu Akita kaskazini, Yuzuru akaendelea. Mama alikuwa mgonjwa, nilitaka nimwambie ana kwa ana. Alinivulia pete ya bibi yangu. Nikapiga simu kumwambia yule mtu nakuja, namba yangu imefungiwa. Nikasema, asiyetaka kupatikana usimtafute.

Shigeki alimkodolea macho. Kisha akaangua kicheko mpaka kibanda kikayumba.

— Mdogo wangu, wewe mshamba wa theluji! Nitalifikiria? Osaka? Mteja akiulizia kisu, akaambiwa bei, akasema nitalifikiria, unajua maana yake? Ndiyo kwaheri hiyo. Hapa hakuna anayefikiria. Umemkataa mwenzio kwa mdomo wako!

— Kwetu ni kufikiria kweli, Yuzuru akasema polepole.

— Kwenu! Si ulikuwa huku? Muulize shemeji yako, kazaliwa dukani. Chinatsu, mtu akikuambia nitalifikiria, utaelewaje?

Walikuwa wamefika kileleni. Chinatsu hakuthubutu kuinua macho. Mwaka mzima alikuwa amelilia neno ambalo halikuwa tusi. Alimchukia mtu aliyekuwa njiani kumletea pete.

— Ningeelewa hapana, alisema. Ningelia wiki nzima. Halafu ningemkubali wa kwanza atakayekuja.

Yuzuru akamtazama. Hakumwita shemeji tena.

Mdomo huponza kichwa, na wa Shigeki haukujua kufungwa.

— Umesikia? Ndiyo hivyo. Haya tuyaache ya wafu. Chinatsu, leo kwa wazazi tuseme Aprili, maua yakichanua. Au siyo?

— Nitalifikiria, Shigeki.

Akacheka. Akamtazama usoni, kicheko kikamwishia njiani.

— Kwa Kiakita au kwa Kiosaka?

— Kwa Kiosaka. Nisamehe.

Bembea haina haraka. Waliteremka, watu watatu na magoti sita, Shigeki akimtazama mmoja, kisha mwingine, mpaka akaelewa yule mtu wa Osaka alikuwa nani. Komeo lilipofunguliwa akatoka bila kugeuka.

Jioni baba yake Chinatsu alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akaanza kufunga vitu vya posa.

— Kesho nitavirudisha mwenyewe, nikapige magoti, alisema. Ila wewe, mwanangu, safari hii sema kwa neno linaloeleweka.

Chinatsu akaifungulia namba ya Yuzuru, akaandika: "Nitasimama barabara ya Midosuji, upande wa maduka. Usinipite."

Jibu likaja: "Nitalifi... natania. Nitakuona."

Kesho yake wakimbiaji walipita kama mafuriko. Yuzuru alitokea akichechemea, uso umempauka kwa chumvi ya jasho. Chinatsu akakimbia sambamba naye kandokando ya kamba, akigongana na watu na vibendera vyao.

— Yuzuru! Nikuulize tena?

— Usiulize.

Chinatsu akasita.

— Mwaka jana uliuliza wewe, mimi nikajibu kama mjinga. Leo nauliza mimi.

Yuzuru akasimama palepale, wa nyuma yake wakimkwepa kwa manung'uniko. Akafungua zipu ya mfuko mdogo kiunoni, mahali wenzake walipoweka sukari ya njiani, akatoa pete ya bibi yake.

— Chinatsu, utaolewa na mimi?

Chinatsu akafumba macho kidogo.

— Nita...

— Tafadhali usiniue, bado nina mbio za kumaliza.

— Ndiyo, alisema, akilia na kucheka.

— Ndiyo ya wapi?

— Ya Osaka, ya Akita, ya popote. Kimbia.