Kiduara Kilichozunguka Kushoto

Siku hiyo kiduara kilizunguka kwenda kushoto.

Shamila alikifahamu kiduara kile kuliko alivyowafahamu majirani zake. Kila jioni aliporudi kutoka kazini kwenye ofisi za serikali Mtumba, miguu ikimwaka moto na kichwa kimejaa barua za wakubwa, alivua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kochi na kufungua tamthilia yake ya Kituruki. Na kila jioni, pale pale mwanamume alipofumbua kinywa amwambie mkewe ukweli, picha iliganda na kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Alibadilisha laini. Alinunua bando kubwa. Alikihamisha kifaa cha intaneti kutoka dirishani hadi juu ya kabati, kisha akakirudisha dirishani. Mumewe Munir, aliyekuwa Kibaigwa msimu mzima akinunua mahindi, alikuwa na dawa moja tu kwenye simu: zima, halafu washa. Hiyo ndiyo dawa ya waume wote walio mbali na tatizo.

Lakini siku zote kilizunguka kwenda kulia, kama mishale ya saa. Jioni ile ya upepo, vumbi la mtaa wao wa Nkuhungu likipenya hata kwenye vikombe vilivyofunikwa, kikazunguka kushoto. Shamila hakukiona. Alikuwa anaisonya runinga huku akipapasa chini ya mto kutafuta rimoti.

"Hodi," sauti ikasema.

"Karibu," Shamila akaitikia.

Aliitikia kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, bila hata kuinua uso. Binti yake Zaituni, wa miaka sita, ndiye aliyegeuka kutazama mlango. Akauona umefungwa. Kisha akageuka polepole kuitazama runinga, maana sauti ilikuwa imetokea huko. Papo hapo picha ikaendelea, ang'avu kabisa, haikukwama tena mpaka mwisho, na kwa furaha aliyokuwa nayo Shamila hakuuliza lolote.

Kesho yake kulikuwa na kitu kipya. Programu ya kutazamia tamthilia, kila ikifunguliwa, huuliza nani anatazama, na chini ya swali huweka picha za wenye nyumba: Munir, Shamila, Zaituni. Sasa ilikuwepo ya nne, kivuli tu cha kichwa na mabega, na chini yake pameandikwa Mgeni. Shamila akadhani ni mambo ya waliotengeneza programu. Akaifuta, ikarudi. Akibonyeza jina lake mwenyewe, kiduara kilizunguka hadi chai ikapoa. Akibonyeza Mgeni, tamthilia ilikuja kabla hajaondoa kidole. Basi akawa anabonyeza Mgeni kila jioni, akisema moyoni kwamba ilimradi anaona, mengine si kazi yake.

Emilia ndiye aliyeanza kuona kwamba mambo si mambo. Emilia alikuwa msichana wa Chamwino aliyewasaidia kazi za nyumbani, mtu wa maneno machache. Jumapili moja asubuhi aliuliza, huku akiinamia beseni la vyombo, kama kuna mtu anayekunywa chai jikoni peke yake mchana wakati yeye na Zaituni wako sebuleni. Alisikia kijiko kikikoroga kikombe, taratibu, raundi baada ya raundi, wala hakusikia mtu akinywa. Tena jikoni kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza. Ilikuwa Julai, na Dodoma haijaona tone la mvua tangu Aprili. Shamila akamwambia labda ni majirani. Hata hivyo mchana huo alikisikia kijiko yeye mwenyewe, akabaki amekaa kwenye kochi, hathubutu kwenda kuchungulia.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya chakula, Zaituni akaganda.

Tonge la ugali lilikuwa limefika karibu na mdomo. Mkono ukasimama, macho yakabaki wazi, hata nywele zilizokuwa zinapepea kwa upepo wa dirishani zikatulia. Shamila akamwita, akamtikisa, akamwona mgumu kama gogo. Kisha tonge likaingia mdomoni na mtoto akatafuna, akaulizia mchuzi. Hakujua kama kuna lililotokea. Emilia, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake, alikuwa bado anamkazia macho.

"Dada," akanong'ona, "umemwangalia kwenye jicho? Kile kiduara kimo humo ndani."

Shamila akambeba mtoto mbio ampeleke hospitali, lakini walipofika getini Zaituni akaganda tena, na safari hii hata pumzi ilisimama. Akarudi naye ndani akilia, na mara tu walipovuka kizingiti mtoto akavuta pumzi. Akajaribu tena. Akajaribu kupitia mlango wa nyuma, akajaribu akimfunika kwa khanga, akajaribu akimsomea dua, na kila alipokanyaga nje ya nyumba kifua cha mwanawe kilitulia mikononi mwake, na kila aliporudi ndani kilianza kupanda na kushuka, na kutoka jikoni kijiko kikawa kinakoroga bila haraka, kama mtu anayejua kwamba waliomo hawana pa kwenda. Akaichomoa runinga kwenye umeme. Waya ukaning'inia ukutani, na kioo kikabaki cheusi, na katikati ya weusi ule kiduara kikazunguka kwenda kushoto.

Munir aliposimuliwa hakusema zima wala washa. Alisema anatafuta usafiri usiku huo huo, lakini kabla hajafika wampigie shangazi yake, Mwanaharusi wa Kondoa, aliyekuwa akiuza mitandio sokoni asubuhi na kuwasomea wenye majini jioni.

Shamila akampigia simu ya picha. Uso wa shangazi ulikuja vipandevipande, jicho kwanza, kisha ushungi. Shamila akamwamkia, akamsimulia habari za huyo Mgeni, akamgeuzia simu amwone Zaituni, ambaye alikuwa ameganda tena pale kwenye kochi, ingawa sasa walikuwa ndani. Alikuwa hivyo tangu jua lilipoanza kushuka.

"Nani alimfungulia?" shangazi akauliza.

"Hakuna aliyemfungulia, shangazi. Alibisha hodi humo kwenye runinga, nikasema karibu."

Shangazi akanyamaza, ikawa vigumu kujua kama ni yeye aliyenyamaza au ni mtandao.

"Basi huyo hatoki kwa kufukuzwa," akasema hatimaye. "Umemkaribisha mwenyewe, ni mgeni. Mgeni anaagwa, mwanangu, kisha anasindikizwa, na wa kumsindikiza ni wewe uliyemkaribisha. Mshukuru kwa kuwatembelea. Mfungulie mlango, ongozana naye mpaka kwenye korongo la nyuma ya mtaa wenu, muage hapo kwa heshima. Usimwangalie. Na ukirudi nyumbani..."

Picha ikaganda. Shangazi akabaki kinywa wazi, na juu ya uso wake kiduara kikaanza kuzunguka.

Shamila akasubiri. Akakata, akapiga tena, simu haikwenda. Baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa shangazi, akaubonyeza, nao ukawa unazunguka tu, haufunguki. Alikuwa amesubiri viduara mwaka mzima, akivitukana na kuvingoja, lakini hiki hakuweza kukingoja. Midomo ya Zaituni ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamwambia Emilia afunge mlango kwa ndani wakishatoka na asimwache mtoto, akatia simu mfukoni, akasimama katikati ya sebule.

"Ahsante kwa kututembelea," akasema. "Twende nikusindikize."

Kijiko kikanyamaza jikoni.

Jua lilikuwa bado halijazama. Walipita nyuma ya nyumba za watu, na Shamila akasikia nyayo kando yake zikivunja majani makavu, zikienda sawa na zake, akipunguza zinapunguza, akiongeza zinaongeza, na harufu ya mvua ikamfuata ubavu kwa ubavu katika vumbi lile, na akajikuta, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, anazungumza na mgeni wake njiani ili asione kimya, anamwambia habari za upepo wa mwaka huu, bei ya mahindi Kibaigwa, darasa la kwanza la Zaituni mwakani, kila kitu cha nyumba yake anamwambia, macho yakitazama mbele tu, mpaka miguu ikazama kwenye mchanga wa korongo na hakukuwa na la kusema tena ila kwaheri.

"Umenifikisha vizuri, mwenyeji," sauti ikajibu sikioni mwake.

Halafu ikawa kimya. Harufu ikaisha. Upepo ukavuma wa kawaida, wenye vumbi la kawaida, na Shamila akageuka akakimbia kurudi, akilia na kucheka. Mchangani aliona alama za viatu vyake mwenyewe, zile zenye maua kwenye soli. Vidole vilielekea nyumbani, na alama zilikuwa mbele yake, zikimtangulia. Aliziona, akazipita. Alikuwa na mtoto wa kumwahi.

Kutoka barazani aliisikia sauti ya Zaituni ikicheka ndani. Akasukuma mlango, ukawa umefungwa, kama alivyoagiza. Akagonga.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani.

Haikuwa ya Emilia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye uchovu kidogo, kama ya mtu aliyetoka kazini na kuvua viatu. Mfukoni simu ikatetemeka, na ule ujumbe wa shangazi, uliokuwa ukizunguka muda wote ule, ukafunguka wenyewe.

"Na ukirudi nyumbani usibishe hodi, mwanangu, hata mlango ukiwa umefungwa. Mwite msichana kwa jina akufungulie, uingie kama mwenye nyumba. Anayebisha hodi ni mgeni. Ukibisha, utakuwa umempa yeye nyumba."

Shamila akataka kuondoa mkono mlangoni, mkono haukutii. Akataka kumwita Emilia kwa jina, ulimi haukutii. Baraza ikafifia, na badala ya mlango akaiona sebule yake, lakini akiitazama kutoka upande ambao hajawahi kuutazamia, upande wa ukutani inapokaa runinga. Akaliona kochi. Akamwona Emilia anakunja nguo. Akamwona Zaituni, mzima, mashavu yamejaa ugali, nywele zinapepea kwa upepo wa dirishani, akamshukuru Mungu kwa hilo hata katika hali ile. Na kando ya Zaituni alikaa mwanamke aliyevaa gauni lake, mkono mmoja umemkumbatia mtoto.

Shamila akakusanya nguvu zake zote. Neno lililokubali kutoka lilikuwa moja tu.

"Hodi," akasema.

Zaituni akaacha kutafuna. Akainua macho, akamtazama moja kwa moja.

"Mama," mtoto akanong'ona, "kuna mtu anabisha hodi kwenye runinga."

Akafumbua midomo aitikie, na Shamila akamngojea, akamngojea kwa moyo wake wote. Mwanamke akauweka mkono juu ya mdomo wa mtoto, taratibu, kwa upendo kabisa.

"Usiitikie, mwanangu. Ni mtandao tu huo."

Kisha akachukua kikombe chake cha chai, akaanza kukoroga.